Georg Simon Ohm: Mwalimu Aliyepima Ukinzani

Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza kwamba umeme hupita katika waya wa shaba, wala haupiti katika mpira, kioo au mti mkavu. Sasa utasoma habari za mtu ambaye hakuridhika kujua kwamba umeme unapita. Alitaka kujua ni kiasi gani kinachopita, na ni kitu gani kinachokipunguza kiasi hicho. Mtu huyo aliitwa Georg Simon Ohm. Mafundi wa umeme duniani kote hulitaja jina lake kila siku, ingawa wengi wao hawajui alikuwa nani.

Soma kwa makini. Maisha yake yatakufundisha mambo mawili: jinsi umeme unavyopimwa, na kwa nini chombo cha kupimia nacho hakina budi kupimwa.

Utoto wa Ohm

Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi, 1789, katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi wa kufuli. Mama yake, Maria Elisabeth, alikuwa binti wa mshona nguo. Watoto kadhaa walizaliwa katika nyumba ile, lakini watatu tu ndio waliokua: Georg, ndugu yake Martin, na dada yao Elisabeth Barbara. Mama yao alifariki wakati Georg alipokuwa na umri wa miaka kumi.

Baba yao hakupata nafasi ya kusoma katika shule za juu. Hata hivyo alipenda sana elimu, akajisomea mwenyewe mpaka akawa na maarifa mengi. Maarifa hayo hakuyaficha. Aliwafundisha wanawe hesabu, fizikia na kemia nyumbani. Tena aliwafundisha kazi ya mikono. Wewe unajua kwamba ufunguo ukizidi kidogo tu hauingii katika kufuli, na ukipungua kidogo tu haufungui. Mtoto aliyekulia katika karakana ya kufuli huzoea kupima kwa uangalifu. Mazoea hayo yalimfaa Georg maisha yake yote.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Erlangen, Karl Christian von Langsdorf, alimtahini katika hesabu. Profesa alistaajabu, akawafananisha watoto wa fundi yule na watu wa ukoo wa Bernoulli, ukoo uliosifika kwa wanahesabu wake wengi.

Mwaka 1805 Georg aliingia chuo kikuu. Lakini huko alipoteza muda mwingi katika kucheza dansi, kuteleza juu ya barafu na kucheza biliadi. Baba yake alikasirika, kwa sababu yeye mwenyewe aliitamani nafasi ile asiipate. Akamtoa mwanawe chuoni na kumpeleka Uswisi. Huko, mwaka 1806, Georg alianza kazi ya kufundisha hesabu katika shule. Hakuacha kusoma. Usiku alijifunza vitabu vya wanahesabu wakubwa, na mwaka 1811 alirudi Erlangen akapata shahada ya udaktari.

Mwalimu maskini

Shahada haikumletea mali. Mshahara wa chuoni ulikuwa mdogo sana, hata hakuweza kuishi kwa huo. Mwaka 1813 alikwenda kufundisha katika shule moja ya mji wa Bamberg, na shule hiyo ikafungwa mwaka 1816. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kufundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari ya mji wa Köln. Shule hiyo ilikuwa na kitu ambacho Ohm alikihitaji kuliko fedha: maabara yenye vifaa vizuri. Saa za masomo zilipokwisha, aliingia maabarani kufanya majaribio yake.

Wakati ule elimu ya umeme ilikuwa changa. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alikuwa ametangaza betri ya kwanza. Alipanga visahani vya metali mbili tofauti, kimoja juu ya kingine, na kati yake akaweka vitambaa vilivyoloweshwa kwa maji ya chumvi. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aligundua kwamba waya unaopitisha umeme huisogeza sindano ya dira iliyo karibu nao.

Fikiri kidogo juu ya ugunduzi huo wa Ørsted. Umeme hauonekani kwa macho. Lakini kama umeme unaweza kuisogeza sindano, basi sindano inaweza kutuonyesha umeme. Ikisogea kidogo, umeme ni kidogo. Ikisogea sana, umeme ni mwingi. Hapo ndipo ulipoanza mshale wa mita zote za umeme.

Maji na umeme

Ili uelewe swali la Ohm, tuseme unaishi Kanazi, wilayani Ngara, katika Mkoa wa Kagera. Nchi hiyo ni ya vilima, na maji hushuka kwa nguvu. Mto Ruvubu hukutana na Mto Kagera, kisha maji hayo huteremka kwenye maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Hapo Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga kwa pamoja kituo cha kuzalisha umeme cha megawati 80, ambacho ujenzi wake ulianza mwaka 2017.

Sasa tuseme kuna tangi la maji juu ya kilima, na bomba linaloshuka mpaka bondeni. Tangi likiwa juu sana, maji husukumwa kwa nguvu. Bomba likiwa refu na jembamba, maji hutoka kidogo. Likiwa fupi na pana, maji hutoka mengi. Kwa hiyo kiasi cha maji hutegemea mambo mawili: msukumo wa maji, na kizuizi cha bomba.

Umeme nao ni hivyo hivyo. Betri huusukuma umeme, na msukumo huo hupimwa kwa volti. Umeme unaopita katika waya huitwa mkondo, nao hupimwa kwa ampea. Kizuizi cha waya huitwa ukinzani. Swali la Ohm lilikuwa hili: ukinzani ukiongezeka, mkondo hupungua kwa kiasi gani hasa?

Kosa lilikuwa wapi?

Ohm alichukua betri, akaiunga na nyaya za urefu mbalimbali, na karibu na waya akatundika sindano ya sumaku. Mwaka 1825 aliandika matokeo yake na kuyatangaza. Lakini kanuni aliyoiandika mwaka huo haikuwa sahihi.

Je, alipima ovyo? Hapana, alipima kwa uangalifu mkubwa. Je, hesabu zake zilikuwa mbaya? Hapana. Basi kosa lilikuwa wapi?

Kosa lilikuwa katika betri. Betri za wakati ule hazikutulia. Mara tu zilipounganishwa na waya, nguvu yake ilishuka, na zilipopumzika ilipanda tena. Basi sindano iliposogea kidogo, haikuweza kujulikana kama umepungua kwa sababu ya urefu wa waya au kwa sababu betri imechoka. Ni kama kupima urefu wa darasa kwa kamba inayonyumbuka. Hata ukipima mara kumi, utapata majibu kumi tofauti.

Mhariri wa jarida la fizikia, Johann Christian Poggendorff, alimshauri aiache betri ile na kutumia chanzo kingine cha umeme. Chanzo hicho kilikuwa kimegunduliwa na Thomas Johann Seebeck mwaka 1821. Ukiunga metali mbili tofauti, kisha ukakipasha joto kiungo kimoja na kukipoza cha pili, umeme hutokea. Umeme huo ni mdogo, lakini hautikisiki ikiwa joto halibadiliki.

Ohm alikubali shauri hilo. Aliunga kipande cha metali iitwayo bismuthi na vipande vya shaba. Kiungo kimoja alikiweka katika maji yanayochemka, na cha pili katika barafu inayoyeyuka. Kwa nini alichagua vitu hivyo? Kwa sababu maji yanayochemka hubaki katika joto lile lile kwa muda wote yanapochemka, na barafu inayoyeyuka nayo hubaki katika baridi ile ile. Basi nguvu ya umeme nayo ilibaki ile ile tangu mwanzo wa jaribio mpaka mwisho.

Kisha alitengeneza chombo cha kupimia. Alitundika sindano ya sumaku kwa ukanda mwembamba wa dhahabu. Umeme ulipoisukuma sindano, yeye aliusokota ukanda ule kutoka juu mpaka sindano ikarudi mahali pake pa kwanza, yaani kwenye sifuri. Halafu alisoma ni kiasi gani amesokota. Msokoto ukiwa mkubwa, mkondo ni mkubwa.

Nyaya nane

Mwezi wa Januari 1826 Ohm alikuwa na nyaya nane za shaba zenye unene sawa. Urefu wake ulikuwa inchi 2, 4, 6, 10, 18, 34, 66 na 130. Aliunga waya mmoja, akasoma kipimo, akauondoa, akaunga mwingine. Siku nyingine alirudia kazi yote, na safari nyingine alianza na waya mrefu na kumalizia na mfupi. Alifanya hivyo ili ahakikishe kwamba majibu yanatoka katika waya, wala hayatoki katika uchovu wa chombo.

Tazama baadhi ya majibu yake. Waya wa inchi 2 ulitoa kipimo cha karibu 327. Waya wa inchi 10 ulitoa karibu 238. Waya wa inchi 130 ulitoa karibu 48.

Mwanzoni namba hizo zinashangaza. Waya wa inchi 130 ni mrefu mara kumi na tatu kuliko ule wa inchi 10. Mbona mkondo haukupungua mara kumi na tatu? Ohm alitambua sababu. Umeme haukupita katika waya ule tu, bali ulipita pia katika bismuthi na katika vipande vya shaba vya chombo chenyewe. Vitu hivyo vina ukinzani wake. Alipiga hesabu akaona kwamba ukinzani huo wa ndani ulikuwa sawa na waya wa karibu inchi 20.

Sasa jumlisha mwenyewe. Kwa waya wa kwanza, 10 na 20 ni 30. Kwa waya wa pili, 130 na 20 ni 150. Gawanya 150 kwa 30, utapata 5. Halafu gawanya 238 kwa 48, utapata karibu 5. Ukinzani wote ulipozidi mara tano, mkondo ulipungua mara tano. Ohm alikuwa amepata jibu lake.

Jibu hilo ndilo linaloitwa Kanuni ya Ohm. Kwa maneno mepesi: mkondo ni sawa na nguvu ya umeme iliyogawanywa kwa ukinzani wote. Ukitaka ampea, gawanya volti kwa omu. Omu ni kipimo cha ukinzani, na kimeitwa hivyo kwa heshima ya jina lake.

Miaka ya dhiki

Mwaka 1827 Ohm alichapisha kitabu mjini Berlin kueleza kanuni hiyo kwa njia ya hesabu. Alitumaini kwamba kitabu kile kingemfungulia mlango wa chuo kikuu. Haikuwa hivyo. Wataalamu wengi nchini mwake hawakukielewa, na wengine walikikataa kabisa. Ohm aliumia moyo. Mwaka 1828 aliiacha kazi yake ya Köln. Kwa miaka kadhaa aliishi Berlin kwa kipato kidogo, akifundisha hesabu saa chache kwa juma. Mwaka 1833 alipata kazi katika chuo cha ufundi cha mji wa Nürnberg.

Lakini kanuni ya kweli ina sifa moja: mtu yeyote anaweza kuijaribu. Mwaka 1831 Gustav Fechner wa Leipzig alifanya majaribio mengi akaona kwamba Ohm alisema kweli. Miaka michache baadaye Claude Pouillet wa Ufaransa alipata matokeo kama hayo. Mwaka 1841 Chama cha Kifalme cha wanasayansi cha London kilimpa Ohm Nishani ya Copley, na mwaka uliofuata kikamfanya mwanachama wake wa nje. Hatimaye, mwaka 1852, alipata kazi aliyoitamani tangu ujana: akawa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha München. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 63. Alifariki tarehe 6 Julai, 1854.

Baada ya kifo chake, watu walizidi kuona faida ya kazi yake. Chukua mfano wa telegrafu, yaani njia ya kupeleka habari kwa umeme katika waya. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja. Waya kama huo ukiharibika baharini, fundi hawezi kuuona. Lakini akiwa pwani anaweza kupima ukinzani wake. Tuseme kila maili moja ya waya ina omu 10, na yeye anapata omu 200. Hapo atajua kwamba mahali palipoharibika pako karibu maili 20 kutoka pwani, na meli itapelekwa huko huko.

Mwaka 1881 wataalamu wa mataifa mengi walikutana Paris. Walikubaliana kwamba vipimo vya umeme viitwe volti, ampea na omu, kwa kuwakumbuka Volta, Ampère na Ohm. Alama ya omu ni herufi ya Kigiriki Ω, yenye umbo la kiatu cha farasi kilichoelekezwa chini.

Ohm ndani ya mita ya mshale

Labda umemwona fundi wa redio akitumia mita yenye mshale. Mita hiyo ina uso wenye kioo na mistari mingi ya namba, swichi kubwa katikati, na nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Siku hizi mafundi wengi hutumia mita zinazoonyesha namba tu, lakini mita za mshale za zamani bado zipo, na zikitunzwa vizuri hufanya kazi miaka mingi.

Ndani ya mita hiyo mna sumaku, na kati ya ncha zake mna koili ndogo ya waya mwembamba sana. Umeme ukipita katika koili, koili huzunguka na kuuvuta mshale. Springi nyembamba huuzuia mshale usizunguke ovyo na huurudisha kwenye sifuri. Unaona kwamba ni jambo lile lile la Ohm: umeme husukuma, springi hupinga, nasi tunasoma namba.

Tazama mstari wa omu. Sifuri yake iko kulia, na namba zake hazikupangwa kwa nafasi sawa. Upande wa kulia zimeachana, upande wa kushoto zimebanana. Sababu yake umekwisha kuisoma katika habari ya nyaya nane. Mita hutumia seli kavu iliyo ndani yake, na ina ukinzani wake wa ndani. Tuseme ukinzani huo ni omu 20. Ukigusanisha nyaya mbili za mita, mshale huenda mpaka mwisho wa kulia. Ukipima kitu chenye omu 20, ukinzani wote huwa 40, yaani mara mbili, na mshale hufika nusu. Ukipima omu 60, ukinzani wote huwa 80, yaani mara nne, na mshale hufika robo tu. Ndiyo maana namba kubwa hubanana kushoto.

Kuisawazisha mita

Mita isiyosawazishwa ni kama mizani yenye jiwe lililofichwa. Fundi akiiamini, atatupa kifaa kizima na kuacha kibovu. Kwa hiyo kabla ya kupima, fuata hatua hizi pamoja na mwalimu wako.

Kwanza, weka mita juu ya meza iliyo sawa. Nyaya zake zisiguse kitu. Mshale uwe juu ya mstari wa mwisho wa kushoto. Kama hauko hapo, zungusha taratibu skrubu ndogo iliyo usoni pa mita kwa bisibisi ndogo mpaka mshale utulie mahali pake.

Pili, tazama mshale kutoka juu yake hasa. Mita nyingine zina ukanda wa kioo cha kujitazamia chini ya mshale. Sogeza kichwa mpaka mshale uifunike sura yake katika kioo, halafu soma. Ukitazama kutoka upande, utasoma namba isiyo ya kweli.

Tatu, weka swichi kwenye omu. Gusanisha ncha za nyaya mbili. Mshale uende kulia mpaka kwenye sifuri ya omu. Usipofika sawasawa, zungusha kitufe cha kusawazisha omu. Rudia kazi hii kila mara unapobadilisha nafasi ya swichi ya omu.

Nne, pima kitu ambacho kipimo chake unakijua. Kinzani iliyoandikwa omu 100 isomeke karibu omu 100. Seli kavu mpya isomeke karibu volti 1.5 ukiweka swichi kwenye volti. Tofauti ikiwa kubwa, linganisha na mita nyingine iliyo nzuri. Mita zikitofautiana, mpelekee fundi aliyesomea kazi hiyo. Katika Tanzania, Shirika la Viwango, lililoanzishwa mwaka 1975, lina maabara ambamo vyombo vya kupimia hulinganishwa na vipimo vilivyothibitishwa.

Mita inapogoma

Mita ikiharibika, usiifungue na kuigusa kila mahali kwa pupa. Fanya kama Ohm: chunguza sehemu moja baada ya nyingine, mpaka uipate iliyo na kosa.

Tuseme umegusanisha nyaya, na mshale unasogea lakini haufiki kwenye sifuri hata ukizungusha kitufe mpaka mwisho. Bila shaka seli ya ndani imechoka. Weka mpya. Kumbuka kwamba betri iliyochoka ndiyo iliyompotosha Ohm mwaka 1825.

Tuseme mshale hausogei kabisa. Angalia waya mwekundu na mweusi, maana mara nyingi waya hukatika ndani wakati ganda lake bado ni zima. Jaribu nyaya nyingine. Kama bado, angalia mahali seli inapogusa. Seli ikiachwa muda mrefu huvuja, na metali huota kutu ya kijani au nyeupe. Isugue kwa msasa laini mpaka ing'ae. Kama bado, angalia fyuzi. Kama vyote ni vizima, huenda koili imekatika, na hiyo ni kazi ya fundi.

Tuseme mshale unasogea kwa kushtuka, au unakwama mahali pamoja. Huenda vumbi au unga wa chuma umeingia karibu na sumaku. Usiupige mshale wala usiupulize kwa mdomo, kwa sababu mvuke wa pumzi huleta kutu.

Kumbuka

Usipime omu katika kifaa ambacho umeme unapita, utaiharibu mita. Ukipima volti usizozijua, anza na nafasi kubwa ya swichi, kisha shuka. Usiweke kamwe nyaya za mita katika umeme wa nyumbani. Umeme huo ni wa volti 230, nao huua. Majaribio yako yote yafanye kwa seli kavu tu.

Jaribio

Chukua seli kavu mbili, balbu ya tochi, vipande vitatu vya waya, na penseli iliyochanwa ili risasi yake ionekane. Unganisha seli, balbu na risasi ya penseli katika mzunguko mmoja. Anza kwa kushika waya mbili karibu karibu juu ya risasi. Kisha sogeza waya mmoja uende mbali. Andika unaloliona katika mwanga wa balbu. Mwishoni rudisha waya mahali pa kwanza, uone kama mwanga unarudi kama ulivyokuwa. Usiporudi, chunguza seli zako kabla ya kuandika jibu.

Maswali

1. Kwa nini kanuni ya Ohm ya mwaka 1825 haikuwa sahihi, ingawa alipima kwa uangalifu?

2. Kwa nini alitumia maji yanayochemka na barafu inayoyeyuka?

3. Waya wa inchi 34 ukijumlishwa na inchi 20 za chombo, jumla ni ngapi? Jumla hiyo ni kubwa kuliko ile ya waya wa inchi 2 kwa karibu mara ngapi?

4. Mita ina ukinzani wa ndani wa omu 20. Ukipima omu 180, mshale utafika sehemu ya ngapi ya safari yake?

5. Umegusanisha nyaya za mita na mshale haukusogea. Taja kwa mpangilio sehemu utakazozichunguza, na ueleze sababu ya mpangilio wako.